Kuingia Thika Road bila kumkanyagisha mtu breki

Saa kumi na mbili jioni, panda daraja lolote la wapita njia kati ya Muthaiga na Githurai, uegemee chuma, uangalie magari yanayotoka mjini. Kutoka huko juu utaona jambo ambalo aliye nyuma ya usukani halioni. Pale barabara ya pembeni inapofungukia barabara kuu, taa nyekundu za breki huwaka moja baada ya nyingine, zikirudi nyuma mita mia mbili, mia tatu, na ukitafuta chanzo unakuta gari moja tu. Probox imejitosa barabarani ikienda kilomita 30 kwa saa. Aliye nyuma yake kakanyaga breki, wa pili kakanyaga zaidi, wa nane kasimama kabisa. Probox yenyewe imeshakwenda zake, na mwenyewe ana hakika kwamba ameingia salama, tena kwa uangalifu mkubwa.

Mimi nina kipimo kimoja cha dereva anayejua kuingia kwenye barabara ya kasi: aliye nyuma yake hakugusa breki. Anayejua kutoka hupimwa vivyo hivyo. Vioo, indiketa, leni na mwendo ni vifaa vya kufikia hapo, na dereva anaweza kuvitumia vyote kwa mpangilio wa kitabuni na bado akaanguka mtihani huo.

Ugeni wetu katika jambo hili una sababu. Rais Mwai Kibaki alizindua Thika Superhighway Novemba 9, 2012, kilomita zipatazo 50 za lami kutoka mjini hadi Thika, kukiwa na leni nne kila upande katika baadhi ya sehemu. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kupokea magari ya umma Mei 14, 2022. Wengi walio barabarani leo walipata leseni zao kabla ya hapo, na waliojifunza baadaye walifundishwa kwa ubao uleule. Kila aliyepitia shule ya udereva Kenya anaukumbuka ubao wa mji wa mfano: vigari vya kuchezea, mzunguko katikati, njia panda, mahali pa kuegesha, na mtahini anayekuuliza utatokaje hapa hadi pale. Somo kuu la ubao huo ni kusimama. Ukifika njia panda, simama, tazama kulia, tazama kushoto, kisha uende.

Rampu, ile njia ya kukuingiza au kukutoa kwenye barabara ya kasi, inataka kinyume. Anayesimama mwishoni mwa rampu amejiweka mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu sasa lazima aingie kati ya magari ya mwendo mkubwa akianzia sifuri, huku aliye nyuma yake, aliyedhani wanaendelea, akimtazama kwa mshangao. Tazama utingo anavyodandia matatu iliyokwisha kuondoka stejini: hukimbia sambamba nayo kwanza, na mkono haushiki chuma hadi mwendo wake na wa gari ulingane. Hakuna aliyemfundisha hesabu, lakini anajua kwamba akishika akiwa amesimama, bega litang'oka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari la kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 hivi kila sekunde, na la kilomita 40 hutembea 11. Ukiingia kwa 40 mbele ya gari la 80 lililo mita 60 nyuma yako, ukadhani mita 60 ni nafasi ya kutosha, nafasi hiyo inaliwa kwa mita 11 kila sekunde. Ndani ya sekunde tano na kidogo haipo. Gari dogo lenye breki nzima na matairi mazuri, juu ya lami kavu, likitoka kwenye 80 huhitaji mita 70 hivi kusimama, ukihesabu na ule muda wa dereva kushtuka na kuhamisha mguu. Sasa weka lori la mchanga mahali pa gari dogo. Weka mvua. Lakini ukiingia kwa 75 au 80, mita zilezile 60 zitabaki karibu vilevile ulivyozikuta, na anayekufuata atakuona kama gari jingine tu lililo mbele yake.

Kwa hiyo kazi yote ya kuingia hufanyika kabla ya kuingia. Sisi huendesha upande wa kushoto na hujiunga kutokea kushoto, kiti cha dereva kikiwa kulia, na hii ni bahati ambayo wengi hawaitumii: upande unaohitaji kutazamwa ndio ulio karibu nawe. Ukiwa bado kwenye rampu, kabla leni hazijakutana, anza kusoma barabara kuu kwenye kioo cha kulia. Unatafuta pengo, wala si gari. Ukiliona, panga mwendo wako ufike sambamba nalo: ongeza kasi, au punguza kidogo mapema wakati rampu ingali ndefu mbele yako. Washa indiketa ya kulia mapema, ili anayekuja ajue kabla hujamfikia. Kisha geuza kichwa, tazama juu ya bega la kulia kwa mtupo mmoja wa jicho, maana kuna eneo la ubavu wa gari ambalo hakuna kioo kinachoonyesha na ambalo pikipiki hutosha kabisa. Ukishaona ni salama, sogea kwa mshazari mrefu, si kwa kukata kona. Na ukishaingia, kaa hapo kushoto kwanza. Ile tabia ya kutoka rampuni na kuvuka leni tatu kwa mkupuo mmoja hadi kulia kabisa inawakanyagisha breki watu watatu badala ya mmoja.

Leni ya kuongezea kasi ina urefu kwa sababu, na sehemu kubwa ya urefu huo hupotea bure. Dereva mwoga huingia mwanzoni kabisa, mara tu anapoona mstari uliokatikakatika, akiwa bado kwenye 40. Mwingine hujikokota hadi mwisho, leni ikaisha, akajikuta ana ukuta mbele na lori ubavuni. Aliyepewa mita mia mbili na atumie walau mia na hamsini kukimbia. Ile michoro ya mistari ya mshazari kwenye pembe ambapo rampu na barabara kuu hutengana ni marufuku kukanyagwa. Hapo ndipo mahali pa kumpa nafasi aliyekosea asigonge pua ya kingo, ingawa kwetu hapo pia huegeshwa, na nimewahi kuona mtu akiuza mahindi ya kuchoma.

Nairobi Expressway imeongeza mtihani wake. Huku, katika vituo vingi, unaanza kwa kusimama kabisa: kizuizi kikuzuie, uchukue tikiti ya kulipia utakapotokea, au kifaa kilicho kwenye kioo kisomwe, kisha kizuizi kinyanyuke. Kutoka hapo una rampu inayopanda. Una kigari cha injini ya lita moja, watu watano na mizigo ya shagsi, na unatakiwa ufike juu ukiwa karibu na 80, ambacho ndicho kikomo cha barabara hiyo. Hapa upole hausaidii. Gari la otomatiki likanyagwe kwa uthabiti hadi libadilishe gia lenyewe na injini ipige kelele. Kelele hiyo haiharibu kitu. Mwenye gia za mkono abaki kwenye gia ya tatu kwa muda zaidi ya alivyozoea. Ninaowaogopa mimi ni wale wanaotumia mwanzo wa rampu kurudisha tikiti kwenye droo, kufunga dirisha, kutafuta stesheni ya redio, wakagutuka wameshafika juu kwa mwendo wa mazishi. Fanya hayo yote kizuizi kikiwa bado kimeshuka, au uyaache hadi utulie kwenye leni.

Aliye tayari barabarani naye ana sehemu yake. Kisheria anayeingia ndiye anayempisha aliye ndani, lakini mwenye haki akigongwa hapungukiwi na maumivu. Ukiona magari yanapanda rampu upande wako wa kushoto, na leni ya kulia kwako iko wazi, sogea mapema, kwa indiketa. Kama haiko wazi, shikilia mwendo wako usibadilike. Kosa la wema ni kukanyaga breki ghafla kumpisha mtu. Kosa la ubishi ni kuongeza kasi kuziba pengo aliloshaliona. Yote mawili yanamharibia hesabu aliyoipiga tangu chini.

Kisha kuna suala la kuwasha taa kubwa. Kwenye barabara zetu taa zikiwaka mara mbili zinaweza kumaanisha pita ndugu yangu, na zinaweza kumaanisha thubutu uone. Nimekaa na madereva wa miaka mingi ambao hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe. Kwenye rampu, ambako una sekunde tatu za kuamua, lugha yenye maana mbili haifai kitu. Soma pengo na mwendo. Pengo likiongezeka, umepishwa. Likipungua, taa ziwake zisiwake, subiri linalofuata.

Thika Road ina jambo moja ambalo vitabu vya wahandisi haviligusi vya kutosha. Ni matatu. Barabara kuu iko katikati, barabara ya pembeni iko nje, na steji ziko nje. Matatu inayotoka mjini kwenda Kahawa hutoka barabara kuu ishushe watu, irudi, itoke tena steji ijayo, irudi tena. Kila inapotoka, kuna nyingine inayoingia mahali palepale. Mmoja anataka kwenda kushoto akipunguza mwendo, mwingine anataka kwenda kulia akiongeza, na wote wawili wanataka mita zilezile hamsini.

Tatizo hili lina umri. Makutano ya kwanza ya barabara huko Marekani kujengwa kwa umbo la jani la klova yalifunguliwa Woodbridge, New Jersey, mwaka 1929, na umbo hilo lina kasoro hiyohiyo: kitanzi kinachoingiza magari hufungukia hatua chache kabla ya kitanzi kinachoyatoa, hivyo anayeingia na anayetoka lazima wapishane. Wahandisi wa huko wamekuwa wakivunja vitanzi vya namna hiyo na kutenganisha njia. Sisi tuliletewa njia zilizotenganishwa, tukazisuka upya wenyewe.

Maana matatu nyingine hata haitoki. Husimama kwenye rampu yenyewe, au pale leni ya kuongezea kasi inapoanzia, kwa sababu abiria wako hapo. Abiria wako hapo kwa sababu matatu husimama hapo. Anayekuja nyuma akiongeza mwendo kama inavyotakiwa hukutana na mlango wa matatu ulio wazi na mama mwenye mtoto mgongoni akishuka. Siwezi kumlaumu dereva wa gari dogo anayepanda rampu ya Githurai kwa 30 akiwa na mguu juu ya breki; amejifunza kutokana na aliyoyaona. Lakini woga wake hulipwa na wale wanaokuja nyuma kwenye barabara kuu. Ningekuwa na askari wachache wa trafiki wa kugawa, ningewaondoa kwenye mizunguko ambako wanapishana na taa na kuwaweka kwenye rampu, wasizuie magari kwa ukaguzi, ila wahakikishe hakuna linalosimama. Kuna askari ambao wao wenyewe husimamishia magari kwenye rampu. Hilo nalo liangaliwe.

Katika mkanganyiko huo, dereva wa kawaida ana kinga moja ya maana, nayo ni nafasi. Usipande rampu ukiwa umebanana na gari lililo mbele. Macho yako yanataka kwenda kulia kutafuta pengo, na wakati huohuo aliye mbele anaweza kughairi na kusimama. Ajali nyingi ndogo za rampuni, zile za bampa na taa, huzaliwa hivyo: wa nyuma aliona pengo zuri kulia, akadhani wa mbele amelichukua, akakanyaga mafuta. Wa mbele hakuwa amekwenda. Mwache aingie kabisa, ndipo zamu yako ianze.

Kutoka ni rahisi kwa akili na kugumu kwa tabia. Kilomita moja huisha kwa sekunde 45 ukiwa kwenye 80. Kibao kikikuambia njia ya kutokea iko kilomita moja mbele nawe uko leni ya kulia kabisa, basi una sekunde 45 za kuvuka leni zote, kila moja kwa kioo chake na indiketa yake. Upande wa kushoto ndio ulio mbali na kiti chako na ndio wenye eneo kubwa lisiloonekana, hivyo usiharakishe. Anza mapema. Tena kwenye Thika Road usitegemee kibao pekee, kwa kuwa vibao na vyuma vya kingo vimekuwa vikiibwa kwa miaka na kuuzwa kama chuma chakavu, na usiku taa za barabarani haziwaki kila mahali. Jua jina la njia yako ya kutokea na jina la ile inayoitangulia.

Kanuni ya breki ni kwamba mwendo hupunguzwa ukishaingia leni ya kupunguzia mwendo, si kabla. Anayepunguza hadi 50 akiwa bado barabara kuu, indiketa ikiwaka au isiwake, amekuwa yule wa Probox kwa upande wa pili. Hata hivyo kanuni hii ina mahali pa kuiachia. Kama njia ya kutokea imejaa na mkia wa foleni umefika barabara kuu, kama inavyotokea asubuhi kwenye baadhi ya njia za kutokea za Expressway zinazoelekea katikati ya jiji, usikimbilie mkia huo kwa 80. Anza kupunguza taratibu ukiwa mbali, washa taa za hatari ili walio nyuma washtuke mapema, acha nafasi mbele yako, na usitoe jicho kwenye kioo hadi wawili au watatu wapange nyuma yako. Aliye mkiani ndiye ngao ya foleni nzima.

Na kuna yule mjanja. Anapita foleni yote kwa leni ya pili, anafika kwenye pua ya rampu, anasimama hapo, kwenye leni ya magari ya 80, akisubiri mtu amwonee huruma ampenyeze. Amesimamisha leni mbili kwa haraka ya mtu mmoja. Watu hukasirika kwa sababu amewapita foleni. Mimi hukasirika kwa sababu ya lori linalokuja nyuma yake ambalo halina habari.

Baada ya kutoka, mwili unadanganya. Kilomita 27 kwa mwendo wa 80 ni dakika 20 za mandhari isiyobadilika, na ukishuka hadi 60 unahisi kana kwamba unatembea kwa miguu. Mwamini mshale wa mwendo, usiamini hisia. Rampu ya kushuka ina kona, na nguvu inayosukuma gari nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo: kona ya 40 ukiipita kwa 60, nguvu hiyo ni zaidi ya maradufu. Gari dogo litalia matairi. Lori lenye mzigo mrefu, au tangi ambalo halikujaa na mafuta yanacheza ndani, hulala. Ndiyo maana kibao cha mwendo kwenye kona ya rampu husomwa kabla ya kona, na breki humalizwa kabla ya kukata usukani.

Mwisho wa rampu ya Expressway unakusubiri na vibanda vya malipo, na hapo kuna hatari ambayo ilijionyesha mapema sana. Mei hiyohiyo ya 2022, barabara ikiwa haijamaliza hata mwezi, gari lililokuwa na mwendo mkubwa liliyavamia magari yaliyosimama kwenye kituo cha Mlolongo. Vibanda vimegawanywa: wenye kifaa cha kielektroniki, wenye kadi, wenye pesa taslimu, na kila leni ina kibao juu. Angalia kibao kutoka mbali, chagua, kaa hapo. Anayegundua akiwa mita kumi kwamba amejipanga kwa wenye kifaa naye ana noti mkononi hukata kwa ubavu bila kutazama, au, kibaya zaidi, hurudi nyuma. Bora ukae hapo na umwite mhudumu, upigiwe honi dakika mbili.

Ukishalipa, bado. Expressway imejengwa katikati ya barabara ya zamani, na baadhi ya rampu zake hukumwaga upande wa kulia wa barabara ya chini, yaani kwenye leni ya wenye haraka. Kwa hiyo ulitoka kushoto, na sasa unajiunga kutokea kulia. Kioo cha kazi ni cha kushoto, kile cha mbali, na shingo igeuke upande ambao haijazoea. Hapo utakutana na mikokoteni, bodaboda na watu wanaovuka, wote ambao kwa dakika 20 ulikuwa umewasahau kwa kuwa huko juu pikipiki, tuktuk na waenda kwa miguu hawaruhusiwi.

Na ukipitwa na njia yako ya kutokea? Imepita. Ukikosa Roysambu, endelea hadi Githurai ugeukie huko. Ukikosa Museum Hill, utatokea Westlands. Kurudi nyuma kwenye rampu, au kusimama kwenye pua ukiwasha taa za hatari kana kwamba taa hizo ni kibali, ni kuweka gari lililosimama mbele ya magari ya 80, na hesabu yake ni ileile tuliyoipiga mwanzoni, isipokuwa sasa mita 60 haziliwi 11 kwa sekunde. Zinaliwa 22.

Mradi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ukikamilika, rampu hazitakuwa tena shida ya Nairobi peke yake. Malori ya Malaba na Busia yatakutana nazo, pamoja na mabasi ya usiku ya Kisumu na mkulima wa Molo aliyezoea kuingia barabarani na pikapu ya viazi kutokea shambani, akisimama, akitazama kulia, kisha kushoto. Muda wa kuongeza rampu moja kwenye ule ubao wa mji wa mfano ungalipo, na kipande cha mbao cha kutosha hakizidi shilingi mia kadhaa kwa seremala yeyote.